Mbawakawa Hawajui Juma Kuu

Jumatatu, 23 Machi 2015

Nimeona manjano leo. Nilipanda mgongo wa kilima kutafuta mtandao wa simu, nikatupa jicho bondeni – na pale, katikati ya kijani, vilele vya misonobari vimepauka. Si kimoja. Kundi zima.

Nikamwita Nahún. Akaja akitafuna tortilla, chapati ya mahindi, kama kawaida yake, mdogo wangu huyu hajawahi kusimama popote bila kitu mdomoni. Akasema ni ukame tu, dada, mwaka huu hata mahindi ya mama yamekauka, sembuse miti. Nikamwambia ukame hauchagui miti ya nyumba moja ukairuka ya jirani. Akasema nina macho ya kutafuta shida. Ninayo ndiyo! Mtu anayeishi kwa utomvu asipotazama vilele vya misonobari atazame nini?

Sikushuka. Jua lilishakuwa kali na vikombe vyangu vya utomvu vilikuwa vimejaa, nikaingia kazini. Lakini roho haijatulia. Bonde limepakana na kipande cha msitu anachogema Nahún. Cha Nahún kimepakana na changu. Juu ya changu ni msitu wa ushirika wote wa wagema, na chemchemi ambayo kijiji chote cha El Zarzal kinakunywa. Kama ni mdudu, basi ana njia iliyonyooka ya kupanda.

Jumanne, 24 Machi

Ni mdudu.

Nimeshuka na Don Tiburcio, mwenyekiti wetu wa ushirika. Mzee ana goti bovu na ulimi mzima. Njia nzima anaitukana serikali, mvua, na mbuzi wa jirani yake. Tulipofika kwenye miti ya manjano akanyamaza, nami nikajua mambo yameharibika.

Kwenye nyufa za magome kulikuwa na vumbi la kahawia, kama kahawa iliyosagwa. Akabandua gome kwa panga. Ndani yake vijia vimepindapinda kama utumbo wa kuku, vimeuzunguka mti mpaka chakula chake kimekatika. Akachokoa, akaniwekea kitu kwenye ukucha. Mbawakawa mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele. Huyu! Huyu ndiye anayeangusha mti ambao mimi na Nahún hatuwezi kuukumbatia tukishikana mikono.

Miti miwili ya katikati imeshakuwa myekundu kabisa. Nikamwambia tuanze na hiyo. Akacheka bila furaha. "Hiyo kata upate kuni za kuokea mkate wa Pasaka, mama. Mle ni nyumba tupu, wenyewe walishahama. Wako kwenye ile ya kijani."

Akanionyesha. Miti ya kijani, yenye afya ukiitazama kwa mbali, na kwenye gome vinundu vya utomvu, vyeupe vyenye wekundu kidogo, kama bisi zilizobandikwa. Kila kinundu ni mlango wa mbawakawa mmoja. Mti unajaribu kumsukuma nje kwa utomvu wake. Mwaka wa mvua mti unamzamisha. Mwaka huu wa ukame hauna utomvu wa kutosha. Na akishaingia mmoja anawaita wenzake kwa harufu, wanakuja kama watu wa matanga.

Shida yetu wagema utomvu ni kwamba miti yetu inatiririka kila siku kwa sababu sisi wenyewe tunaichanja. Mti uliochanjwa na mti ulioumwa, mtu mvivu anaweza kuichanganya. Mimi nimegusa kila kinundu kwa kidole mpaka vidole vikagandana.

Don Tiburcio amempigia simu afisa misitu. Anakuja Alhamisi. Nahún nimemweleza. Akasema, "Dada unaogopa kitu kidogo kuliko kiroboto?" Lakini chakula hakumaliza.

Alhamisi, 26 Machi

Injinia Maritza, afisa misitu, amekuja na rangi ya bluu ya kuitia alama miti ya kukatwa. Msichana mdogo, buti kubwa, hacheki hovyo. Amezunguka bonde zima kabla hajafungua mdomo.

Kisha akasema: mdudu anapanda kuelekea kwa Nahún. Tutakata miti yote yenye vinundu, halafu – hapa ndipo watu walipoguna – tutakata na ukanda mbele yake, miti mizima isiyo na kitu, upana wa mti mmoja ukilala. Iangukie upande wa bondeni, iachwe juani, gome likauke mdudu afie humo. Akitoka aliyebaki akute uwazi, asipate mti wa karibu, apotee.

Ukanda umepita katikati ya kipande cha Nahún. Nusu yake ya chini yote.

Nahún alikuwa amesimama mikono kiunoni. Kipande hiki alikipata mwaka juzi tu. Miaka yote kabla ya hapo alikuwa kibarua, anagema miti ya watu. Alipopewa alikwenda akaitia kila mti jina, mjinga yule, majina ya wachezaji wa mpira na ya wasichana waliomkataa. Injinia alipoanza kupaka bluu, Nahún alimfuata mti kwa mti. "Huu una nini?" Hauna kitu. "Basi unakufa kwa kosa gani?" Injinia akaendelea kupaka. Nahún akanigeukia mimi. "Umemleta wewe. Kata ya kwako!"

Mbele ya watu wote. Nilimjibu kwa ukali kwamba ukanda ukipita kwangu, cha kwake kitakuwa kimeliwa chote. Ni kweli. Lakini hakuna ukweli uliowahi kunitia aibu kama ule.

Jioni tulikaa kikao. Kila mwanachama atamwachia Nahún miti michache ya kugema mpaka ya kwake iote tena. Wamekubali, hata wale mabahili. Na Don Tiburcio akarudia sheria ya ushirika ili kila mtu asikie: atakayeficha mdudu kwenye kipande chake, ananyang'anywa kipande na anatoka kwenye ushirika. Alisema akitazama dari. Sote tulijua anamwambia nani.

Kazi inaanza Jumatatu, na lazima iishe Jumatano. Kuanzia Alhamisi Kuu hapa hakuna anayeshika panga wala shoka. Ijumaa Kuu hata mkate haukatwi kwa kisu, unamegwa. Kiongozi wa kikosi ni mimi. Wamenichagua kwa kuinua mikono kabla sijakataa.

Jumapili ya Matawi, 29 Machi

Nahún amekuja kanisani na shati jipya. Baada ya misa akanisogelea, akasema samahani kwa yale ya Alhamisi, hasira zilimpanda. Mama alilia. Mimi pia, kidogo, lakini nilisingizia moshi wa ubani.

Injinia alituachia agizo: kila asubuhi kabla ya kukata, mtu akague miti iliyo juu ya ukanda. Ikipata vinundu vipya, ukanda unasogezwa juu. Nahún ameomba kazi hiyo. "Ni miti yangu, dada. Nitaiangalia kama macho yangu."

Nimempa. Nimefurahi mno! Mdogo wangu amekuwa mtu mzima.

Jumatatu, 30 Machi

Misumeno mitatu ya injini, kelele tangu alfajiri. Miti inaanguka bondeni na vumbi linapanda mpaka huoni mtu. Nahún amekagua, akarudi, akasema safi. Tukakata pale pale penye bluu.

Nilimwona akiukata mti wake mmoja mwenyewe. Alikataa kusaidiwa. Ulipolala akavua kofia.

Joto baya. Hakuna wingu.

Jumatano, 1 Aprili

Tumemaliza! Mgongo wangu si wangu. Ukanda umefunguka kama barabara kubwa, bondeni kumejaa magogo, jua linayapiga vizuri. Nahún alikagua leo pia. Safi, siku zote tatu safi. Don Tiburcio alimpa mkono, akamwambia alimdhania vibaya. Nahún aliutazama ule mkono kabla hajaushika.

Mama ameoka. Nyumba nzima inanukia mkate na sukari guru. Nimekula torreja nne, vile vipande vya mkate wa kukaanga vyenye sukari, na sijutii hata moja. Nitalala kama gogo lenyewe.

Alhamisi Kuu, 2 Aprili

Sijui niandikeje.

Mama alitaka majani ya msonobari ya kutandaza sakafuni mbele ya altare ya nyumbani. Kila mwaka ni kazi yangu. Kuokota kwa mikono hakukatazwi, ni vyombo vyenye makali tu. Nikaenda na gunia. Nikaona badala ya kwenda mbali niokote juu ya ukanda, kwa Nahún, ambako majani yamelala mengi, makavu, mazuri.

Mengi mno. Yamelundikwa kwenye mashina. Nikadhani ni upepo, nikazoa kwa mikono miwili, na chini yake nikakuta vipande. Vyeupe vyenye wekundu. Vimevunjika, vimepondwa, vingine bado laini. Nikapeleka puani ingawa sikuhitaji kunusa.

Nikatazama gome. Limekwanguliwa. Safi kabisa, kwa ustadi, kama sisi tunavyokwangua gome kabla ya kuuchanja mti. Nikaenda mti wa pili. Safi. Wa tatu, safi. Kisha nikainua kichwa. Juu, pale mkono wa mtu na mpini wa chombo chetu cha kukwangulia unapoishia – vinundu. Vimejaa. Vimepanda mpaka kwenye matawi ya kwanza.

Nimekaa chini.

Siku zote tatu alikuwa anakwangua kwanza, halafu anakuja kutuambia safi. Na mimi ndiye niliyempa kazi hiyo. Nusu ya chini ya kipande chake ameitoa. Hii ya juu hakutaka kuitoa, basi. Ukanda wote ule, migongo ya watu yote ile, tumekata nyuma ya mdudu! Yuko mbele yetu, amekaa kijani, anaita wenzake.

Nikapanda kwangu mbio. Mti wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Ule mkubwa unaoegemea mwamba: vinundu vinne, vibichi, utomvu bado unateleza.

Na hapa niandike wazi kwa kuwa hakuna anayesoma. Mkono ulikwenda wenyewe. Ukucha wangu ulikuwa umeshafika chini ya kinundu kimoja. Ni kazi ya kukwangua mara moja tu, na mti wangu ungekuwa mzima machoni pa watu wote. Nikaurudisha mkono nikaukalia.

Nikapanda mpaka penye mtandao, nikampigia Injinia. Sikutaja jina. Nilisema tu tumeona vinundu vipya juu ya ukanda. Akauliza vingi? Nikasema vingi. Akasema kwa joto hili kila siku mnayongoja anachukua miti mingine, kateni leo. Nikamwambia leo ni Alhamisi Kuu. Akasema anajua ni Alhamisi Kuu, naye ana mama anayesali. "Mbawakawa hana kalenda, doña Orbelina."

Hakuna mtu El Zarzal atakayewasha msumeno kabla ya Jumamosi. Na Jumamosi kikosi kikija, wote watainua vichwa kama nilivyoinua mimi. Watayaona magome. Nahún atatoka kwenye ushirika siku hiyohiyo, na hapa mtu asiye na ushirika anapanda basi kwenda mjini kubeba mizigo sokoni.

Nimempelekea mama majani yake. Akayatandaza, akasema mwaka huu yananukia kuliko mwaka jana. Nikasema ndiyo mama.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Naandika juu ya gogo, magoti yakiwa meza. Herufi zinakwenda ovyo. Niandike haraka.

Alfajiri nilikwenda kwa Nahún. Alikuwa uani anakunywa kahawa, amevaa tayari shati la kanisani. Nikamwekea kipande cha kinundu kwenye sahani yake. Hakuuliza ni nini.

Nikamwambia nakwenda kwa Don Tiburcio. Kabla ya Njia ya Msalaba, nimweleze yote. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimeyapanga hata majibu.

Akasema, "Nilidhani vikiondoka vitakoma."

"Unajua wewe kwamba haviondoki hivyo. Tangu utoto unajua!"

"Najua." Alikuwa anakizungusha kile kipande kwenye sahani kwa kidole. "Siku ya kwanza vilikuwa kwenye mti mmoja tu, dada. Mmoja. Nikasema huu mmoja wataniachia. Siku ya pili ikawa miti mitano, na ningesemaje kwamba jana vilikuwepo?"

Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumbeba mgongoni kama zamani. Sikufanya hata moja. Nikamweleza kuhusu mti wangu wa mwambani. Hapo ndipo alipoinua uso. "Mdudu amefika kwako?" Nikasema amefika.

Akaingia ndani. Akatoka na msumeno na galoni ya mafuta.

"Leo?" nikasema. "Nahún, leo?"

"Nipe leo tu. Kesho kamwambie unavyotaka."

Mama amekuwa akituambia tangu tukiwa wadogo kwamba mti ukikatwa Ijumaa Kuu unatoa damu. Mimi ni mtu mzima, nimechanja misonobari maisha yangu yote, najua kinachotoka ni utomvu. Lakini nilipomfuata nilikuwa nasali, na bado nasali. Nimemfuata kwa sababu mtu hakati mti peke yake, mti ukimlalia nani atapiga kelele? Ndivyo nilivyojiambia. Na sababu ya pili ilikuwepo, tena hiyo ndiyo iliyonitembeza upesi. Tukiikata yote ile iliyokwanguliwa, tukaiangushia bondeni kwenye rundo, nani atajua ilikwanguliwa?

Mti wa kwanza ulianguka wakati kengele ya mbao ya Ijumaa Kuu ikilia kijijini kuwaita watu. Kelele ile! Sijawahi kusikia msumeno kwenye kimya cha namna ile. Siku nyingine una redio, una watoto, una majogoo. Leo hakuna hata mbwa. Kila mtu bonde zima amesikia.

Nahún anakata, mimi natazama mwelekeo, nasukuma kwa ufito mrefu, napiga mluzi. Tumeikata karibu yote ya kwake yenye vinundu. Shati la kanisani limekuwa jeusi. Tulipofika mti wangu wa mwambani nilimwambia kata, nikageuka upande wa pili. Sikujua kama ningejali kiasi kile. Ni mti! Nimeugema tangu nilipofiwa na mume wangu Ovidio, uliniona nikilia kuliko mtu yeyote, na nimeutazama chini nikaona hauna damu.

Sasa hivi Nahún amesimama kukaza mnyororo, ndio maana nimepata nafasi hii. Na msumeno uliponyamaza nimegundua kwamba nyimbo pia zimenyamaza. Walikuwa wamefika kituo cha nne au cha tano, kule kwenye msalaba wa njia panda, sauti za akina mama zilikuwa zinapanda vizuri. Sasa hakuna. Nimesimama kwenye kisiki nikatazama. Wameiacha njia. Wanapanda huku, kijiji kizima, nguo nyeusi na za zambarau, na mbele Don Tiburcio na goti lake bovu, bado ana msalaba begani kwa sababu zamu ya kubeba ni yake na hakupata pa kuuweka. Mama yuko nyuma yake. Namjua kwa kitambaa.

Nimemwambia Nahún umebaki mmoja. Huu hapa, wa mwisho wenye vinundu, uko ukingoni kabisa mwa ukanda, umekwanguliwa mpaka mkono unapofika, unang'aa. Nimemwambia harakisha! Ukate sasa, ulale kabla hawajafika. Tutasema tumeona vinundu jana, tukaogopa kungoja. Watatukasirikia kwa ajili ya Ijumaa Kuu, padre atatupa toba, basi. Watasahau. Nimelisema lote hilo kwa pumzi moja, nikimvuta mkono.

Ameutazama mti. Kisha ameuweka msumeno chini.

"Huu uache, dada."

"Una wazimu? Una mdudu!"

"Nitaukata. Wakishauona."

Nimemwita mjinga. Nimemwambia afikirie mama. Nimeushika msumeno mwenyewe, nikavuta kamba, mara ya kwanza haukuwaka, mara ya pili haukuwaka, na yeye hakunizuia, alinitazama tu. Nimeuacha. Nimekaa hapa, nimetoa daftari, kwa kuwa sijui mikono niipeleke wapi.

Wameshaingia kwenye ukanda. Wanaruka magogo, wazee wanashikwa mikono. Nahún amekwenda kusimama kando ya mti, ameuegemea pale palipokwanguliwa. Anafunga vifungo vya shati. Don Tiburcio ameushusha msalaba, ameuegemeza kwenye kisiki kilicho karibu, anapumua kwa nguvu. Anamtazama Nahún. Sasa anainua kichwa, polepole, anatazama juu –